Jina Lililobaki Ulimini

Malindi, Unguja
12 Mfunguo Tano, yaani 5 Machi 1909

Kwa kakaangu mpenzi Darwesh bin Turki, huko Bombei,

Shikamoo, kaka. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hivyo usitafute makosa. Anayecheka hati ya dadaake na aje ashike kalamu huku anaangalia chungu. Sisi tu wazima, isipokuwa hilo nitakalolieleza mbele. Dari ya chumba cha nyuma imevuja tangu vuli, mzee Silima kaiziba kwa chokaa, sasa inavuja pembeni pake. Jirani yetu Bi Dolatkhanu kapata mjukuu wa kiume, katuletea sahani nzima ya vitamutamu vyao vya ladu. Paka wako yule kilema angali hai na angali mwizi.

Sasa sikiliza. Mama aliteleza ngazini Jumatatu, mwezi mosi Mfunguo Tano, alasiri. Daktari wa serikali kaja, kasema ni kiharusi, mshipa umepasuka kichwani. Mkono wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande, lakini anakula, anakaa, na miguu inaanza kumchukua. Akili anayo. Ukimwambia "Mama, upepo," anatazama dirisha.

Shida ni maneno. Nilimwonyesha taa nikamuuliza nini hii. Akasema, "Kurwa." Nikamwonyesha birika. "Kurwa." Nikampa funguo zake, akauchagua ule wa kasha bila kusita, akalifungua kwa mkono wa kushoto, akatoa tasbihi yake. Nikamuuliza, Mama, umeshika nini? "Kurwa." Na yeye mwenyewe anasikia kuwa sivyo, kaka. Hutikisa kichwa, hujaribu tena, hutoka lilelile, kisha machozi. Lakini ikifika sala, Fatiha huisoma yote, herufi kwa herufi, ungedhani hana ugonjwa wowote.

Wewe ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na mitano, ulikuwapo nyumbani kabla yangu. Huyu Kurwa ni nani? Mimi simjui. Na kuanguka kwake, aliteleza tu, hapakuwa na kingine.

Nduguyo mdogo,
Kulthum


Bombei
2 Aprili 1909

Kwa Kulthum, nuru ya Malindi na mwizi mkubwa wa halua yangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Barua yako ilinikuta mzima, mnene, na mwenye kanzu mpya ambayo mshonaji kaililia alipoikabidhi. Usicheke. Hapa Bombei nikipita, watu huuliza yule nani, na wasipouliza nawaambia mwenyewe. Nshaacha kazi ya meli, kama nilivyokwambia. Sasa mimi mkalimani katika hospitali moja kubwa, kwa kuwa nasema lugha saba, na katika tatu kati ya hizo hata wenyewe wananielewa. Mwambie Silima dari haizibwi kwa chokaa tupu, atie na mchanga wa mtoni. Paka mpe salamu.

Habari ya Mama imenikata maini. Nimekaa nayo siku mbili. Lakini dadaangu, umeniandikia mimi, na ugonjwa huo mimi ndiye mwenyeji wake. Kila Jumanne daktari wetu hupita kwa wagonjwa wa namna hii, na nani anayebeba sinia? Darwesh. Kwenye sinia mna ufunguo, kikombe, kitana, mkasi na yai. Daktari huinua kitu, mimi huuliza kwa lugha ya mgonjwa: hiki nini? Yupo mzee Hatim, Mbohora wa Surat, kauza nguo miaka arubaini. Ukimwonyesha mkasi husema "sindano". Ukimpa sindano husema "uzi". Umeona? Hakosi ovyo. Hupiga nyumba ya jirani.

Daktari kanieleza, nami nakueleza kwa Kiunguja safi. Chukua kichwa ukifanye Forodhani. Jicho ni gati, hapo mzigo unashushwa. Hamali anaupeleka ghalani, na ghalani yuko karani anayeujua: hiki cha kunywea, hiki cha kuchania. Hapo kitu kimejulikana lakini hakijapata jina. Karani huandika cheti, hukipeleka kwa mpiga mbiu, na mpiga mbiu ndiye anayeujua mlio wa kila jina na kuupa ulimi. Mambo yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho, ndiyo maana watu wazima hatujui kama tunafanya kazi kubwa hivyo tukisema "kikombe".

Kwa Mama gati i wazi, ghala limejaa, karani hodari. Njia ya kutoka kwa karani kwenda kwa mpiga mbiu ndiyo iliyokatika. Mpiga mbiu kabakiwa na cheti kimoja mkononi, na kila akisukumwa anakisoma hichohicho. Na Fatiha haipiti njia hiyo. Iliyosomwa tangu utotoni ina mlango wake. Daktari anasema mpiga mbiu huyo hukaa upande wa kushoto wa kichwa, na upande huohuo ndio unaouamuru mkono wa kulia, basi vikaanguka pamoja.

Fanya hivi. Usimpigie kelele, si kiziwi. Mpe mwanzo wa neno: mwonyeshe kikombe, sema "ki—", umngoje. Mwimbie nyimbo za harusi, uache neno la mwisho alimalize yeye. Kila siku kidogo, baada ya chai, asichoke.

Jambo moja alilolisema daktari limenikaa. Anasema neno linalobaki ulimini kwa wagonjwa kama hawa huenda ndilo lililokuwa njiani saa ile mshipa ulipopasuka. Hana hakika, naye ni mtu wa kusema hana hakika, ndiyo maana nampenda. Sasa nambie, Mama alikuwa akisema na nani pale ngazini?

Huyo Kurwa simjui. Unguja imejaa akina Kurwa, kila penye mapacha pana mmoja. Usijisumbue naye.

Kakaako,
Darwesh, mkalimani


Malindi, Unguja
10 Mfunguo Saba, yaani 1 Mei 1909

Kwa kaka Darwesh,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa Bi Dolatkhanu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa hiyo Forodhani yako. Masika yamemwagika, njia ya gatini ni tope tupu. Silima katia mchanga darini. Bado inavuja.

Ulivyonifunza nimefanya. Siku ya nne nilisema "ki—" nikashika kikombe, Mama akafumba macho, akasema "kikombe". Wallahi nilitaka kulia. Siku ya pili alitaka kijiko akasema "uma", nikamwambia Mama, umeshafika mtaa wenyewe, bado nyumba, akatabasamu kwa ule upande unaotabasamu. Kwenye nyimbo neno la mwisho hulitoa kila mara. Lakini nikikiondoa kikombe na kumrudishia bila ya kumpa mwanzo, Kurwa. Akiniona naingia chumbani, Kurwa. Na anaponiita mimi hivyo hulia zaidi kuliko anapoliita birika.

Hapa mtaani imeshajulikana. Bi Mashavu, fundi wa pepo, alikuja bila kuitwa. Alikaa karibu na Mama, akamuuliza, "Jina lako nani?" Mama akasema, "Kurwa." Akamuuliza, "Umetoka wapi?" "Kurwa." "Unataka nini?" "Kurwa." Bi Mashavu akanigeukia akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, nimetibu miaka thelathini. Pepo wengine hubembelezwa siku saba hawajajitaja. Huyu kajitaja mara tatu nami sijavua viatu."

Anataka ngoma ya siku saba. Mama atafunikwa shuka, atafukizwa, atapigiwa mpaka pepo aseme anachotaka. Daktari wa serikali kasema mshituko mwingine utamuua. Mjomba na jamaa wote wa Mama wamekwisha kukubali, na mimi mwanamke peke yangu nyumbani nitawapinga kwa maneno gani? Niwaambie habari ya karani na mpiga mbiu? Ngoma inaanza mwezi nane Mfunguo Nane, tarehe 28 Mei ya kizungu. Shuka nyeupe imeshashonwa.

Kaka, kama unajua jina hili ni la nani, liandike. Umenijibu kwa mistari miwili, wewe ambaye kanzu yako imepata mistari mitano.

Uliloniuliza la ngazini nilishalijibu. Aliteleza.

Kulthum


Simu ya waya kutoka Bombei, 25 Mei 1909

KURWA SI PEPO NI MTU. NGOMA MSIPIGE. DARWESH


Malindi, Unguja
7 Mfunguo Nane, yaani 27 Mei 1909

Kaka Darwesh,

Salamu za leo fupi. Tu wazima.

Simu yako ililetwa jana. Mimi herufi za kizungu sizisomi, nikampelekea Mohamedali, mume wa Bi Dolatkhanu, akaisoma kwa sauti mlangoni mwa duka, watu wanasikia. Mjomba alikuwapo. Akasema kama ni mtu basi mwenye kumjua aseme ni mtu gani, lakini ngoma akaisimamisha. Bi Mashavu kachukua ubani wake na shuka yake. Kaniambia siku nitakayomwita tena nije mwenyewe, kwa miguu. Mama kaponea chupuchupu, na nakushukuru.

Ndiyo kusema ulikuwa unamjua. Basi na mimi niseme langu, maana sote wawili tumekuwa tukifichana, na anayeumia ni mgonjwa.

Mama hakuteleza. Jumatatu ile palibishwa hodi, nikashuka. Mlangoni pamesimama mwanamke wa makamo, kavaa kaniki, miguu ina tope la chumvi, ananuka makumbi ya nazi yaliyooza. Alinitazama muda mrefu kabla hajasema. Kisha akasema, "Bibi mdogo, mimi Kurwa, nakaa Chwaka. Nimekuja kuomba nionyeshwe kaburi la mwanangu. Nazeeka, nataka nilisomee."

Nilimwambia hapa si makaburini. Akasema Bi Bahiya, yaani Mama, analijua. Nikamwambia aende zake asitutie mkosi, na nikamwita mwendawazimu, kaka, nilimwita hivyo usoni. Mama alikuwa juu, kasikia sauti. Akashuka mbio bila kushika kamba ya ngazi. Alipomwona yule mwanamke akafungua kinywa, akasema "Ku—", na hapo akaanguka. Yule mwanamke alipita mbele yangu, akapiga magoti, akanyoosha mikono amwinue. Mimi nikamsukuma nje, nikatia komeo. Alikaa barazani mpaka magharibi. Nilipochungulia tena hayupo.

Nilikuuliza Kurwa nani kana kwamba sijapata kumwona. Niliona haya. Nilidhani mimi ndiye niliyemuua Mama, au nimemfanya hivi alivyo.

Sasa wewe. Kaburi gani? Mtoto gani?

Kulthum


Bombei
20 Juni 1909

Dadaangu,

Nimeandika barua tatu nimezichana. Ya kwanza ilikuwa na habari ya tembo wa harusi aliyeingia duka la vyungu, ungeipenda. Nilipofika kwenye lako, tembo hakunisaidia.

Kwanza lichukue hili: hukumuua mtu. Mama alianguka kwa matendo yake, na yangu.

Mwaka ule, 1887, mimi nina miaka kumi na mitano, tulikuwa shamba kwetu Mwera. Baba yuko Maskati, hakurudi tena, unajua. Kurwa alikuwa suria wake. Yeye na Mama walikuwa na mimba za mwaka mmoja. Mama alijifungua kwanza, mtoto wa kike. Siku ya saba akanyolewa nywele, mbuzi akachinjwa, akaitwa Kulthum. Siku mbili kabla ya akika hiyo Kurwa naye alijifungua wa kike. Alimnyonyesha siku moja, kisha homa ikamshika, akawa hajijui.

Siku ya tisa, saa ya dhuha, mtoto wa Mama alikufa. Kulthum alikufa.

Mama hakupiga ukelele. Hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo, ule ukimya. Kabla yake alishazika wawili wa kike. Aliinuka akaenda chumba cha Kurwa, akatoka na mtoto aliye hai, akamlaza pale alipokuwa wake. Kisha akamfunga maiti nguo za yule mwingine, akaniwekea mikononi, akaniambia, mpelekee Kurwa, mwambie Mungu kamchukua.

Nikaenda. Kurwa alikuwa kafumbua macho. Akanitazama mikononi, akauliza, "Darwesh, huyu wa nani?"

Nikasema, "Wako."

Nimebeba sinia miezi minane, Kulthum. Nimewauliza watu mamia hiki nini, hiki nini, nikawaona wanaumwa kulitafuta neno la kweli wasilipate. Mimi siku ile gati langu lilikuwa wazi. Karani alijua. Mpiga mbiu alikuwa na jina la kweli mkononi. Niliona, nilijua, na ulimi ukatoa neno jingine, na sikuwa na kiharusi. Hakuna daktari aliyenieleza hilo linapita njia gani.

Tulimzika nyuma ya kisima. Baada ya muda Mama alimwandikia Kurwa karatasi ya uhuru, akamwoza mtu wa Chwaka. Kaburi hakuwahi kuonyeshwa. Sijui Mama aliogopa nini. Labda aliogopa kwamba kaburi litasema. Mimi msimu uleule nikaingia melini. Watu wanadhani Darwesh kaipenda dunia. Nilikuwa naikimbia nyumba yenye kitoto kinachoitwa Kulthum, na kila kikiitwa mimi nageuka kutazama kule kisimani.

Aliyezikwa ndiye Kulthum. Wewe ni wa Kurwa. Baba yetu mmoja, wewe ni binti Turki, hilo halitaguswa na mtu. Jina alilokupa Kurwa, kama alikupa, sikuwahi kulisikia.

Na Mama nakuomba usimkaripie. Kwa miaka ishirini na miwili hakulitaja jina la Kurwa hata mara moja. Sasa hana jingine.

Utani wangu wote wa miaka hii, kila barua, ulikuwa wa kuzuia swali hili lisiulizwe. Lakini mapenzi hayakuwa utani.

Darwesh


Malindi, Unguja
16 Rajabu, yaani 3 Agosti 1909

Kwa Darwesh bin Turki,

Shikamoo. Mama anapumua, anakula uji. Silima kaikata dari yote, kaweka boriti mpya. Bi Dolatkhanu anakusalimu, hajui kitu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa ukumbini. Kwa siku tisa baada yake nikiitwa sikuweza kuitika. Bi Dolatkhanu husimama dirishani kwake akaita "Kulthum", mimi namsikia, najua ananitaka mimi, na naam haitoki. Alidhani nimemwambukiza Mama ugonjwa au Mama kaniambukiza mimi. Nikifikiri mtu mwingine ndiye anayeitwa, amelala nyuma ya kisima, na mimi nimelivaa jina lake kama nguo ya maiti.

Siku ya kumi nilimwacha Mama kwa Bi Dolatkhanu, nikaondoka alfajiri na Silima kwa gari la punda. Tulifika Chwaka alasiri, maji yamekupwa. Wanawake wamekaa mstari wanapiga makumbi kwa marungu, wanaambua usumba wa kusokotea kamba. Nilimjua kwa mbali. Nilipomsimamia hakuinuka. Akasema, "Bibi mdogo, umekuja kunionyesha kaburi."

Nilimweleza yote, kama ulivyoyaandika, sikupunguza lako wala la Mama. Naye aliendelea kupiga kumbi lilelile mpaka nilipomaliza, limeshakuwa nyuzi tupu bado analipiga. Kisha akaenda kunawa mikono kwenye dimbwi la maji ya chumvi. Akarudi, akanishika kidevu, akanigeuza uso kushoto, akanigeuza kulia, kama anayeonyeshwa kitu chake kilichopotea na hataki kukiamini haraka.

Akasema, "Siku ile mlangoni nilikutazama nikasema moyoni, wangu angekuwa wa umri huu."

Kaka, nilimwona. Nilimjua. Lile neno dogo kuliko yote, analolijua mtoto kabla ya maji, halikuja. Nilimwita Bi Kurwa. Akaitika, hakuniongeza taabu.

Alikuja mjini baada ya siku tatu, kwa miguu yake. Hakutaka kupandishwa gari. Nilimwingiza chumbani kwa Mama saa ya asubuhi, madirisha wazi. Akakaa mkekani karibu na kitanda. Mama akamtazama. Akafungua kinywa, nami nikasema sasa, angalau mara moja litampata mwenyewe. Taa imeitwa jina hilo, birika, funguo, mimi. Mama alihangaika mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Halikutoka. Akauinua mkono wa kushoto, akavuta ushungi, akajifunika uso.

Tangu siku hiyo hajalisema tena. Nikimwonyesha kikombe ananyamaza. Nikimpa mwanzo ananyamaza. Nyumba imekuwa kimya, na mimi niliyekuwa nikilichukia jina lile, sasa hujikuta nimesimama na kitu mkononi nikilingojea.

Bi Kurwa anakaa nasi. Ndiye anayemlisha uji, kijiko kwa kijiko, na kumfuta mdomo. Bi Dolatkhanu alimsifu kwa moyo wake wa kusamehe, ingawa hajui kasamehe nini. Nilimwambia tu palikuwa na ugomvi wa zamani. Bi Kurwa akamjibu, "Sikuja kusamehe. Nimekuja kukaa na mwanangu. Huyu nimemkuta tu." Na uji akaupoza kwa kuupuliza.

Mwera tulikwenda Ijumaa iliyopita, mimi na yeye. Kisima kimekauka lakini kaburi tulilipata, lina mawe yake manne. Alilipalilia kwa mikono. Akamsomea mtoto asiye wake, akasema mtoto hana kosa. Tulimwombea kwa jina lake, Kulthum binti Turki, na jina nimemwachia. Majirani wakiniita hivyo nitaitika, wao hawana kosa vilevile.

Na wewe, Bi Kurwa ana neno nawe. Anasema urudi. Ukae mbele yake, mchana, akuulize tena swali lile alilokuuliza Mwera, na umjibu kwa mdomo wako. Barua haitaki, na simu ya waya haitaki. Nilimwambia wewe ni mtu wa maneno mengi. Akasema anataka moja.

Njiani tukirudi nilimuuliza kama alinipa jina. Akasema hakungoja siku ya saba; aliogopa homa itamuwahi, akaninong'oneza sikioni siku ileile ya kwanza, na tangu hapo hakulitamka kwa mtu. Nilimwomba alitamke. Alinyamaza mpaka tulipofika daraja la Mwera, nikadhani na yeye limemkatikia. Kisha akalisema. Nimelirudia kimyakimya mpaka nyumbani, ulimi haujalizoea. Mkono umekubali kuliandika, na ndilo hili hapa chini.

Nduguyo kwa baba,
Mwanakheir binti Turki